Kushikana na Kushikamana: Juu ya Kupima Mshikamano wa Wahadhiri wa Nairobi

Katika tafiti za mahali pa kazi imekuwa desturi kupima mshikamano wa walimu kwa hojaji. Mhadhiri husomewa kauli kadhaa, kama vile kwamba wenzake humsaidia, kisha huombwa aonyeshe kwa nambari, 1 hadi 5, kiasi anachokubaliana nazo. Kipimo hicho, ambacho asili yake ni kazi ya Rensis Likert ya mwaka 1932, kina manufaa yake. Ila hojaji hiyo inapotafsiriwa kwa Kiswahili, kasoro yake hujitokeza katika neno lenyewe linalopimwa.

Shikana ni kauli ya kutendana: huyu amemshika yule, na yule amemshika huyu. Shikamana ina kiambishi -am-, ambacho huonyesha hali iliyokwisha kutulia, kama katika fungamana na gandamana. Karatasi mbili zilizotiwa gundi zimeshikamana, na hakuna hata moja iliyotenda lolote. Hojaji huuliza juu ya hali hii ya gundi, na kukiacha kitendo, ambacho ndicho chenye gharama.

Historia ya Chuo Kikuu cha Nairobi inaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekuwa mkuu wa Idara ya Fasihi, alikamatwa tarehe 31 Desemba 1977 na kuwekwa kizuizini. Alipoachiliwa Desemba 1978 hakurudishiwa kazi yake, na chama cha wafanyakazi wa chuo kikadai arudishwe. Mwaka 1980 chama hicho kilipigwa marufuku. Mwaka 1982 Willy Mutunga, mhadhiri wa sheria aliyekuwa katibu mkuu wake, naye akawekwa kizuizini. Hapana nambari kati ya 1 na 5 inayoweza kubeba habari hiyo.

Yafaa pia kutahadhari na kipimo cha pili, kile cha kuhesabu migomo. Mgomo wa 1993 ulidai chama kipya, UASU, kisajiliwe. Kilisajiliwa mwaka 2003. Mwaka 2017 wahadhiri waligoma siku 54. Hesabu hizo ni za kweli, lakini zinamhusu aliyeajiriwa. Mhadhiri wa muda, afundishaye asubuhi katikati ya jiji kisha akapanda matatu ya Barabara ya Waiyaki kwenda kufundisha Kikuyu jioni, hulipwa kwa kozi, na mara nyingi hucheleweshewa. Nyongeza ya mshahara inayopiganiwa si yake. Katika takwimu za mgomo hayumo, wala kama mgomaji wala kama msaliti.

Al-Amin Mazrui, ambaye pia alikamatwa mwaka 1982, aliliona jambo hili katika tamthilia yake Kilio cha Haki (1981). Lanina anawaongoza vibarua wa shamba la mlowezi Delamon huku mumewe mwenyewe akimpinga. Mwandishi hatuulizi kama vibarua wanapendana. Anatuonyesha nani anasimama na Lanina wakati kusimama kuna hasara. Kwa hiyo hojaji ya wahadhiri ingefaa ianze na swali moja lisilo na nambari: mwenzako wa muda alipokosa malipo ya muhula mzima, ulifanya nini? Na jibu lisichukuliwe kwa mhadhiri wa kudumu peke yake. Aulizwe na yule aliyekosa malipo.