Mshipa wa Fahamu: Kasoro ya Istilahi Moja na Gharama Yake Ukambani

Wanaoshughulika na uundaji wa istilahi wamezoea kuipima istilahi kwa ufupi wake, kwa uwazi wake, na kwa jinsi inavyolingana na sauti za lugha. Vigezo hivyo ni vyema. Lakini kiko kimoja ambacho hakitajwi mara nyingi: msikilizaji asiyesomea sayansi hufanya nini baada ya kulisikia neno? Makala haya yanakusudia kuichunguza istilahi mshipa wa fahamu kwa kigezo hicho. Tutaitazama kutoka Kitui na Makueni, ambako Kiswahili huja baada ya Kikamba, na ambako habari za mwili wa binadamu humfikia mtu kwa njia mbili zisizokutana: katika madarasa ya juu ya shule kwa Kiingereza, na katika zahanati kwa Kikamba na Kiswahili. Mwanafunzi aliyefaulu mtihani wa biolojia huenda akashindwa kumweleza bibi yake kilichoandikwa katika karatasi ya daktari.

Tuanze na mshipa. Kamusi Sanifu ya Kiswahili-Kiingereza iliyohaririwa na Frederick Johnson, ya mwaka 1939, hukusanya chini ya neno hili mirija ya damu, neva, na hata maradhi kama ngiri. Kamusi haikukosea, kwani ndivyo watu walivyosema na ndivyo wanavyosema hadi leo. Mshipa hupiga, mshipa huvimba, mshipa hukatwa damu ikatoka. Katika fikira za msemaji wa kawaida, basi, mshipa ni kitu chenye uwazi ndani na kitu kinachopita humo. Neva haina uwazi wa namna hiyo, wala haipigi. Ni fungu la nyuzi nyembamba mno, na kinachosafiri katika kila uzi ni mabadiliko ya umeme katika utando wake. Katika nyuzi zilizo nene, mwendo huo waweza kupita mita 100 kwa sekunde.

Lazima tukiri kwamba Waswahili hawakuwa peke yao katika kulichanganya jambo hili. Galeni aliamini kwamba neva ya jicho ina tundu ndani yake, na Ulaya ikaendelea kwa karne nyingi kufikiri kwamba aina ya roho au pumzi hutiririka katika neva, mpaka Galvani alipochapisha majaribio yake ya umeme na miguu ya vyura mwaka 1791. Zaidi ya hayo, neno la Kilatini lililozaa neva lilikuwa na maana ya ukano. Kwa hiyo neva, ambalo wengi hulidhani kuwa neno safi la kisayansi, lilitoka katika mchanganyiko ule ule tunaoulaumu katika mshipa. Tofauti ni kwamba lilipofika kwetu lilikuwa limekwisha kusahau ukoo wake, ilhali mshipa ungali nyumbani, umezungukwa na jamaa zake wote.

Sehemu ya pili, fahamu, ina hila zaidi, na hapa ndipo tunapodhani lawama imekosekana. Aliyelichagua neno hili hakuwa mzembe. Kiswahili husema milango mitano ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi; basi mshipa unaochukua habari kutoka milangoni kwenda ubongoni ukaitwa mshipa wa fahamu. Ni mantiki nzuri, lakini ni mantiki ya nusu ya mfumo tu. Zipo neva zinazotoka katika ubongo na katika ugwe ulio ndani ya mgongo kwenda kwenye misuli, nazo hazichukui habari bali amri. Zipo pia zinazoongoza moyo, tumbo na tezi bila mwenye mwili kujua lolote. Tena fahamu yenyewe, tangu zamani, ina maana nyingine iliyo kuu katika usemi wa kila siku: aliyezimia amepoteza fahamu, aliyeamka amerudiwa na fahamu. Asikiapo mtu kwamba mishipa ya fahamu imedhurika, atatazamia kumwona mgonjwa amezimia.

Hapo ndipo istilahi inapoingia hatarini. Tumchukue mtu aliyeumwa na koboko kando ya Mutomo au Kibwezi. Miongoni mwa sumu zilizomo katika mate ya nyoka huyo zimo zinazoshambulia mahali neva inapokutana na msuli. Kwa kawaida ncha ya neva humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo hushika vipokezi vilivyo juu ya msuli, na msuli ukajikaza. Baadhi ya sumu za koboko huvikalia vipokezi hivyo, hata amri ikifika isipate pa kupokelewa. Nyingine huivuruga kemikali yenyewe, ikamwagwa kupita kiasi. Kope hulegea, macho huona vitu viwili viwili, ulimi huwa mzito, mate hayamezeki, na mwisho misuli ya kifua hushindwa kuvuta pumzi. Katika muda huo wote mgonjwa aweza kuwa anasikia kila linalosemwa na kumtambua kila aliyemzunguka. Fahamu anayo kamili, na bado ni neva na misuli yake inayomwua. Jamaa aliyefundishwa kwamba sumu hii huharibu mishipa ya fahamu ana sababu nzuri ya kujifariji: mgonjwa anatujua, tungoje kupambazuke. Aliyesikia zaidi neno mshipa atataka kuchanja na kufunga kamba kwa nguvu ili damu mbaya itoke au isipande, mambo ambayo Shirika la Afya Duniani, lililoiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa mwaka 2017, linayakataza. Yampasayo mgonjwa huyu ni kutulizwa, kiungo kisitikiswe, na kufikishwa upesi kwenye dawa ya kupinga sumu na kwa watu wawezao kumsaidia kupumua.

Hatudai kwamba neno ndilo lililozaa wembe na kamba. Desturi hizo ni kongwe kuliko kamusi zote. Tunadai tu kwamba mwuguzi anayetaka kuzipinga hapewi msaada na istilahi yake. Bali istilahi humsaidia mpinzani wake.

Wapo watakaosema kwamba neva halimwambii Mkamba kitu. Ni kweli, na hiyo ndiyo sifa yake. Neno lisilosema kitu humlazimisha mwalimu kueleza. Neno linalosema uongo humruhusu kunyamaza. Wala halina taabu ya ulimi, maana sauti zake zote zimo katika Kikamba. Na orodha tunazo: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu 1990, na Kamusi ya Tiba tangu 2003, zote za TUKI. Kinachopungua ni daraja kati ya orodha hizo na benchi la zahanati.

Kasoro ya jamii hiyo hiyo imo katika uti wa mgongo, na pengine ni mbaya zaidi kwa kuwa haijatiliwa shaka. Usemi huu hutaja mifupa, hutaja ugwe uliomo ndani ya mifupa hiyo, na katika homa ya uti wa mgongo hutumika kwa ugonjwa wa utando unaouzunguka ubongo na ugwe. Makueni ni nchi ya maembe, na watu huanguka mitini. Ikisemwa kwamba aliyeanguka ameumia uti wa mgongo, wasikilizaji hufikiri mfupa, na mfupa, wajuavyo, huunga. Humwinua kwa mabega na miguu, mgongo ukipinda katikati, wakampakia kwenye pikipiki. Neno ugwe lingewaeleza kwamba ndani ya mfupa mna uzi unaoshuka kutoka ubongoni, unaotoa jozi 31 za neva, na kwamba uzi huo ukikatwa na kipande cha mfupa uliovunjika miguu haitarudi kutembea hata mfupa ukiunga vizuri.