Kupinda, Kupotoa na Kusokota

Yako maneno ya Kiingereza ambayo mwanafunzi akikutana nayo hudhani kuwa anayafahamu, kumbe hajayafahamu. Miongoni mwake ni yale yaelezayo jinsi kitu kinavyotolewa katika umbo lake la kawaida: "twist", "warp", "contort", "wrench", "distort". Nimepata kusoma tafsiri za wanafunzi wa shule mbili, moja ya Kitale na nyingine ya Bungoma, na katika karatasi nyingi maneno haya yote matano yalipewa neno moja tu la Kiswahili, nalo ni "kuharibu". Kosa hili si dogo.

Kitu kilichoharibika huenda kisionyeshe tena jinsi kilivyokuwa. Kilichopotolewa hubaki na sura yake ya asili ndani yake, hata mwenye kukijua aweza kukitambua. Tuchukue mfano ulio karibu nao. Mlima uonekanao kutoka Kitale na kutoka Bungoma huitwa Masaba na Wabukusu. Wageni waliuita Elgon, jina litokanalo na Wakony, ambao ni sehemu ya Wasabaoti. Sikiliza vizuri, msomaji, nawe utalisikia jina la Kony katikati ya Elgon. Jina hilo limepotolewa, halikuharibiwa. Lakini mji wa Webuye uliitwa zamani Broderick Falls, na kati ya majina hayo mawili hakuna udugu wowote. Hapo jina lilibadilishwa tu.

Sasa tazama sentensi moja waliyopewa wanafunzi hao: gazeti limefanya "distort" maneno ya shahidi. Wengi waliandika, "Gazeti liliharibu maneno ya shahidi." Msomaji wa tafsiri hiyo atadhani kwamba wapiga chapa walikosea herufi. Shtaka lenyewe limepotea! Maana mwenye kuyapotoa maneno huyachukua yale yale yaliyosemwa, akayageuza kidogo, yakawa yasema jambo ambalo msemaji hakulisema. Katika mahakama za Kitale na Bungoma shahidi aweza kusema Kiswahili au lugha ya kwao, na maneno yake yakaandikwa kwa Kiingereza. Akilalamika kwamba maneno yake yamepotolewa, na mkalimani akasema tu kwamba yameharibika, hakimu hatajua kuwa kuna mtu anayeshtakiwa kwa udanganyifu.

Waingereza wenyewe wameyafunga mambo haya pamoja tangu kale. "Distort" na "contort" yametokana na neno la Kilatini lenye maana ya kusokota, na katika ukoo huo huo limo neno la mateso, "torture", na neno la wanasheria, "tort", yaani kosa la madai. Hata "wrong" lilitoka kwa watu wa Skandinavia, na maana yake ilikuwa kitu kilichopinda. Kiswahili hakikuhitaji kuazima fikira hiyo kwa mtu. Twasema mtu mpotovu, twasema mambo yamekwenda kombo, na mwaminifu twamwita mnyofu.

Lakini udugu huo una hatari yake. Kijana mmoja wa Kitale, akitafsiri habari za mbao mbichi zilizoanikwa juani, aliandika kwamba "mbao zimepotoka". Nilicheka, nakiri. Mbao hizo zilifanya dhambi gani? Ubao ukikauka hunywea zaidi upande mmoja kuliko upande mwingine, ndipo ukapinda wenyewe, bila mtu kuugusa. Na hiyo ndiyo "warp". Fundi seremala angesema umepinda au umebenuka, basi. Hata hivyo kosa la kijana huyu ni bora kuliko usahihi wa wenzake walioandika "zimeharibika", kwa kuwa yeye alilitafuta neno.

Neno "twist" ndilo linalotega zaidi. Mwingereza hulitumia kwa kamba na kwa kifundo cha mguu vilevile, ilhali kwetu ni mambo mawili yasiyokutana. Kamba husokotwa, na kwa kusokotwa ndipo hupata nguvu na kuitwa kamba. Mguu huteguka, na mwenye mguu hulala kitandani. Mwanafunzi wa Bungoma aliyeandika kuwa mchezaji wa mpira "alisokota mguu wake" alimfanya maskini huyo kuwa fundi wa kamba. Ajabu ni kwamba tumbo twasema lasokota, nalo halitengenezi kitu.

Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan, ni hazina kubwa, wala siilaumu. Ila kamusi ya namna hiyo humpangia msomaji maneno mengi katika mstari mmoja, naye mwenye haraka hulichukua la kwanza. Msichana mmoja wa Bungoma hakufanya haraka. Alipewa habari za mzee ambaye uso wake ulifanya "contort" kwa maumivu. Angeweza kuandika "alikunja uso", nasi tungedhani mzee amekasirika tu. Aliandika, "Uso ulimpopotoka kwa maumivu." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi, wala sioni neno la kubadili.