Pongezi kwa tovuti ya Radio Okapi

Radio Okapi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, iliyoanza kurusha matangazo Februari 2002, inastahili pongezi kwa tovuti yake pia. Habari ya Kasongo au Kabambare, mkoani Maniema, huja na kichwa kinachotaja mahali, picha moja, aya chache na wakati mwingine sauti ya kusikiliza. Mpangilio huo unamjali msomaji anayehesabu mega za intaneti: kichwa pekee humwambia kama habari inamhusu. Wapo watakaosema maandishi ni ya Kifaransa, mtandao Kabambare ni dhaifu, na redio inatosha. Kuhusu lugha wana hoja, na Kiswahili kinachosikika hewani kingefaa kiandikwe pia. Lakini tangazo likishapita limepita. Ukurasa hubaki, mwenye simu akamsomea jirani aliyekuwa shambani.