Wahifadhi wa Kawangware 46

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na kwa mpenzi wa magari ya zamani hilo latosha kuitakia nafasi katika makumbusho. Pongezi zangu za kwanza, hata hivyo, ni za mafundi wa jua kali kama wa Kawangware 46, Nairobi: hunyoosha bodi za 504 kwa nyundo, huchomelea sakafu iliyoliwa na kutu, hutafuta vipuri ambavyo dukani havipo tena. Watakaopinga watasema gari lililobadilishwa vipuri si halisi. Kwa rangi na viti, nakubali. Lakini injini isiyowashwa miaka mingi hukauka mipira na kushika kutu. Uhalisi wake ni kufanya kazi. Fundi anayeirudisha 504 kwenye Barabara ya Naivasha ikibeba abiria ameihifadhi kuliko aliyeifungia makumbusho, na anastahili kulipwa kama mhifadhi.