Mchezaji Mkongwe na Mchezo wa Wengi

Kila sanaa ikidumu miaka ya kutosha hupata wazee wake, na wazee wakipatikana husikika neno lao kwamba mambo ya zamani yalikuwa bora. Michezo ya uigizaji ya wachezaji wengi katika intaneti imekwisha fika umri huo. Mzazi wa michezo hii, ulioitwa MUD, ulianzishwa mwaka 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Roy Trubshaw, kisha ukaendelezwa na mwanafunzi mwenzake, Richard Bartle. Haukuwa na picha hata moja. Ulikuwa maneno matupu juu ya kioo cha kompyuta. Baadaye ulikuja Ultima Online mwaka 1997, ukafuatwa na EverQuest mwaka 1999 na World of Warcraft mwaka 2004. Aliyeingia EverQuest akiwa kijana wa miaka ishirini leo anaukaribia umri wa miaka hamsini. Mchezaji wa namna hiyo ndiye aitwaye mkongwe katika makala haya. Maoni yake, ambayo husikika popote wachezaji wakutanapo, yastahili kupimwa kwa mizani ile ile ipimayo maoni ya mhakiki yeyote: lipi ni hukumu ya haki, na lipi ni huzuni ya mtu aliyepitwa na ujana.

Kabla ya kupima, yafaa kujua kinachopimwa. Katika michezo hii mtu hujitungia mhusika, akampa jina, kabila na kazi, kisha akaingia naye katika nchi ya kubuni ambamo maelfu ya watu wengine wamekwisha ingia na wahusika wao. Nchi hiyo haina ukurasa wa mwisho. Mchezaji akizima kompyuta yake akalala, nchi yaendelea: masoko huuza, vita hupiganwa, urafiki huvunjika. Hapa ndipo mchezo huu unapoachana na riwaya na tamthilia. Mtunzi hutengeneza milima, majoka na sheria. Lakini matukio yanayokumbukwa hutungwa na wachezaji wenyewe, na mara nyingi bila kukusudia.

Neno la kwanza la mkongwe lahusu mauti. Katika EverQuest ya mwanzo, mhusika aliyeuawa alirudishwa mbali, mikono mitupu, na maiti yake ikabaki pale pale alipoanguka, pamoja na silaha na mali yake yote. Hakukosa mali tu. Alipoteza pia sehemu ya maarifa aliyokusanya, pengine akashuka daraja. Ilimpasa airudie maiti yake katika pango lile lile lililomshinda alipokuwa na silaha, na akichelewa mno, maiti ilioza na vitu vikapotea. Mkongwe husema kwamba hofu hiyo ndiyo iliyokuwa roho ya mchezo, na kwamba michezo ya leo, ambayo mhusika hufa akafufuka kwa hasara ndogo, imekuwa kama vita vya watoto mchangani.

Neno hili lina haki ndani yake, na msomaji wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kwenda mbali kuliona. Fumo Liyongo hufa mara moja. Utendi wake ungekuwaje kama angechomwa kitovuni kwa sindano ya shaba, akapiga magoti kisimani na upinde wake mkononi, kisha akainuka baada ya dakika mbili akaendelea na safari? Hadithi ambayo mauti yake hayagharimu kitu haiwezi kuwa na ushujaa, maana ushujaa hupimwa kwa kile mtu anachokubali kukipoteza.

Neno la pili ni juu ya njia na soko. Nchi ya Norrath, ambamo EverQuest huchezwa, ilikuwa pana, na kusafiri kulikuwa safari kweli: mtu alingoja mashua gatini, akavuka bahari pamoja na wageni, wakazungumza kwa kuwa hapakuwa na jambo jingine la kufanya. Wachezaji walihitaji mahali pa kuuziana vitu. Watunzi hawakuwa wamepaweka. Basi katika seva nyingi watu wakauchagua ushoroba mmoja wa chini ya kilima, katika mbuga za Commonlands, wakaufanya soko. Hapakuwa na tangazo wala amri; palikuwa na mazoea tu, na sauti za wanadi. Mwishoni mwa mwaka 2001 watunzi walijenga soko rasmi, ambamo mhusika alisimama akiuza hali mwenyewe amelala, na mwaka 2002 wakaongeza njia za mkato za kuvukia nchi nzima kwa kugusa kitabu. Ushoroba ukanyamaza. Hakuna aliyeufunga, haja yake ndiyo iliyokwisha.

Neno la tatu ndilo zito kuliko yote. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa, na EverQuest ilijengwa juu ya methali hiyo kana kwamba watunzi waliijua. Kundi lilikuwa la watu sita. Mmoja alipokea mapigo kwa ngao yake, mmoja aliganga majeraha, mmoja aliwapumbaza maadui kwa uchawi ili wasije wote kwa pamoja. Asiye na kundi aliweza kufanya machache tu. Kwa hiyo jina la mtu lilikuwa mali yake ya kwanza: mganga mwangalifu alitafutwa, na mwizi wa ngawira alijulikana katika seva nzima, akakosa wa kwenda naye. Mwezi Desemba mwaka 2009 World of Warcraft ilileta chombo cha kuunda makundi chenyewe. Mchezaji alibonyeza mahali, akapewa wenzake wanne kutoka seva mbalimbali, wakapelekwa pangoni, wakaua, wakagawana, wakaachana bila salamu. Kungoja kulipungua sana. Lakini mwenzako alikuwa mtu ambaye yamkini hutamwona tena, na asiyeonekana tena hana haja ya kuwa mwema.

Kwa maneno haya matatu mkongwe huongeza lawama moja juu ya utunzi wa siku hizi, nayo ni kwamba mchezo humwambia kila mchezaji kuwa yeye ndiye mkombozi pekee wa dunia. Mfalme humkumbatia na kumwita mteule, na nyuma yake wamepanga foleni wateule wengine kumi wakingoja kukumbatiwa. Lawama hii ni ya kweli, nayo ni kosa la sanaa, maana watunzi wameazima hadithi ya shujaa mmoja wakaivalisha kazi ya umma. Michezo ya mwanzo haikumwahidi mtu utukufu. Ilimtupa nje ya lango la mji na kisu kibovu, ikamwacha atafute watu.

Hata hivyo mkongwe naye ana hesabu ya kutoa. Ugumu anaousifu ulilipwa kwa saa, na saa hazikugawanywa sawa baina ya watu. Palikuwa na wanyama waliotokea mara chache, na wachezaji walipiga kambi mahali pao saa nyingi, hata usiku kucha, wakingoja mnyama mmoja mwenye kitu kimoja. Mwanafunzi asiye na deni la kazi aliweza. Mama mwenye mtoto mchanga na mfanyakazi wa zamu hawakuweza. Wengi walioweza waliacha masomo yao yakilala. Kuliita jambo hilo ubora bila kutaja gharama yake ni kusifu karamu na kumsahau mpishi. Tena, mkongwe husahau kwamba World of Warcraft ilipotoka mwaka 2004, wachezaji wa EverQuest waliiita mchezo wa walegevu. Leo waliolelewa na mchezo huo wa walegevu wanaulilia kuwa ndio uliokuwa mgumu na wa kweli. Ikiwa kila kizazi huona enzi ya dhahabu pale kilipoingia, yafaa kushuku kwamba sehemu ya dhahabu hiyo imo katika jicho la mtazamaji.

Kwa bahati njema jambo hili limekwisha jaribiwa. Mwaka 2013 mmoja wa wakuu wa World of Warcraft alipoulizwa kama mchezo wa zamani ungerudishwa, alijibu kwamba wachezaji wanadhani wanautaka, lakini hawautaki. Seva ya watu binafsi iliyouhuisha mchezo huo bila ruhusa, Nostalrius, ilifungwa mwezi Aprili mwaka 2016, na watu zaidi ya laki mbili walitia sahihi zao katika ombi la kuutaka. Mwezi Agosti mwaka 2019 kampuni yenyewe iliurudisha kwa jina la Classic, na foleni za kuingia zikawa ndefu mno. Jibu la mwaka 2013 likaonekana kuwa kosa.

Lakini halikuwa kosa tupu. Waliorudi hawakurudi mikono mitupu. Walikuja na ramani, majedwali na hesabu za miaka kumi na mitano. Ragnaros, mtawala wa moto, ambaye mara ya kwanza aliuawa mwaka 2005 baada ya miezi mitano hivi tangu mchezo kufunguliwa, mara hii aliuawa kabla wiki haijatimia. Milima ilikuwa ile ile, na sheria karibu zile zile. Kilichokosekana ni ujinga wa pamoja: ile hali ya watu elfu kutojua kilichomo bondeni, wakalazimika kuulizana. Mtunzi aweza kuurudisha ugumu, kutojua hawezi. Wengine walikwenda mbali zaidi, na mwaka 2023 zikafunguliwa seva rasmi ambamo mhusika akifa amekufa milele. Hapo hofu aliyoililia mkongwe ilirudi kweli, na watu wakaipenda. Lakini hofu ile pia ilimfundisha mchezaji kumkwepa mgeni, kwa kuwa kosa la mgeni lingeweza kumzika. Basi ugumu wenyewe hauzai ujamaa. Huweza kuzaa ujamaa au upweke, kwa kadiri sheria zinavyomfanya mwenzako awe msaada au hatari.

Ushahidi mwingine watoka Norway. Mats Steen alizaliwa na maradhi ya misuli yaliyomnyang'anya nguvu kidogo kidogo, akafariki mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano. Wazazi wake waliamini kwamba mtoto wao aliishi peke yake, kwa kuwa miaka yake ya mwisho aliitumia mbele ya kompyuta. Walipotangaza kifo chake katika maandishi aliyokuwa akiyachapisha katika intaneti, walipokea barua kutoka nchi mbalimbali. Zilitoka kwa watu waliomjua kwa jina la Ibelin, mhusika wake wa World of Warcraft, na kwa wenzake wa chama kilichoitwa Starlight. Waliandika jinsi alivyowasikiliza, alivyowapatanisha, alivyowashauri. Baadhi yao walisafiri kwenda kumzika. Habari zake zilifanywa filamu na Benjamin Ree, ikaonyeshwa mwaka 2024.

Tukio hili lampinga mkongwe mahali pamoja na kumthibitisha mahali pengine. Lampinga kwa kuwa udugu ule ulikua katika mchezo uleule uliodharauliwa kuwa mwepesi, na ukaendelea hata baada ya mwaka 2009, chombo cha kuunda makundi kilipokwisha kuingia. Lamthibitisha kwa kuwa haukuletwa na chombo hicho. Uliletwa na chama, yaani watu wachache waliojuana kwa majina, waliokutana mahali pale pale, na ambao kutokuja kwa mmoja wao kuliulizwa. Alichokiona mkongwe katika EverQuest kilikuwa hiki. Yeye alikiita ugumu kwa sababu ugumu ndio uliokuwa mlango aliokiingilia.

Limebaki jambo ambalo mkongwe hulisema kwa sauti ya chini, nalo lafaa kusemwa wazi. Kitabu kikiisha kuchapwa humtoka mchapaji. Mchezo huu hautoki mkononi mwa mwenye seva. City of Heroes ulifunguliwa mwaka 2004, ukafungwa tarehe 30 Novemba 2012 kwa uamuzi wa kampuni, na wachezaji waliokuwamo walikusanyika siku hiyo wakangoja giza. Watu wa kujitolea waliuhuisha hadharani mwaka 2019, na mwezi Januari mwaka 2024 kundi lao, Homecoming, likapewa idhini rasmi. Huo ni mfano mzuri, lakini ni wa nadra. Michezo mingi iliyofungwa haikurudi, na pamoja nayo yamepotea majina, masoko na mazishi ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kwa hiyo maoni ya mkongwe yapokelewe nusu. Anaposema kwamba mauti yasiyo na gharama na safari isiyo na njia vimeifanya nchi ya kubuni kuwa nyembamba, asema kweli. Anapodai kwamba dawa ni kurudisha saa za kungoja na maiti za kuoza, amechukua chombo akaliacha tunda. Mhakiki wa mchezo wa namna hii asianze kwa kuuliza kama picha zake ni nzuri au majoka yake ni makali. Aulize ni kitu gani ambacho mchezaji mmoja hawezi kukipata ila kwa hisani ya mwingine, na kama mwingine huyo ana jina litakalokumbukwa kesho. Mchezo wenye jibu jema kwa maswali hayo mawili utapata wakongwe wake, hata kama ulikuwa mwepesi. Na mkongwe mwenyewe, badala ya kungoja kampuni imrudishie ujana wake, ana kazi iliyo karibu zaidi, nayo ni kuandika aliyoyaona katika ushoroba wa Commonlands, nani aliuza nini na nani aliaminiwa, maana kumbukumbu hiyo haimo katika seva yoyote.