Hadhira ya Nyumbani: Uhakiki wa Gazeti la Familia ya Stephen

Hyde Park Gate News husomwa mara nyingi kama zoezi la utotoni la Virginia Woolf. Mtazamo huo unaipunja kazi yenyewe. Gazeti hili, lililoandikwa kwa mkono, lilianzishwa na watoto wa familia ya Stephen jijini London mnamo 1891, Virginia akiwa na umri wa miaka 9. Ndugu yao Thoby alipokuwa katika shule ya bweni, kazi kubwa iliwaangukia Vanessa na Virginia, na kurudi kwake likizoni kukawa habari. Maudhui ni madogo: wageni, safari za St Ives, vituko vya nyumbani. Uzito umo katika fani. Lugha ya magazeti ya watu wazima inaigwa kwa kejeli, na kejeli hiyo humkolea zaidi msomaji anayewajua wahusika. Hadhira, basi, ni sehemu ya muundo. Msomaji mkuu alikuwa mama yao, Julia, ambaye kauli yake ilisubiriwa kwa hamu. Alifariki Mei 1895, na gazeti likakoma mwaka huo huo. Lilipochapishwa kitabuni mnamo 2005 lilipata wasomaji wengi, ila si yule aliyeikamilisha maana yake. Kulihukumu kwa vigezo vya riwaya ni kulipima kwa kipimo kisicho chake.