Jinsi Mteremko wa Montestefano Unavyoingia Kwenye Chupa

Mimina Barbaresco Montestefano kwenye bilauri, kisha iinamishe juu ya karatasi nyeupe. Wengi hushangaa. Walitarajia wekundu mzito wa kufunika maandishi, lakini wanachokiona ni wekundu mwepesi unaopitisha mwanga, na ukingoni, kama chupa imetimiza miaka kumi na zaidi, rangi ya tofali. Halafu wanaonja kidogo, na ulimi unabanwa kama wa mtu aliyeuma bibo. Macho yanasema mvinyo huu ni mnyonge, ulimi unasema una nguvu ya kukaa miaka thelathini. Ulimi ndio wenye kweli, na leo nataka kueleza kwa nini, kuanzia udongoni hadi kwenye kizibo.

Montestefano ni shamba katika kijiji cha Barbaresco, kwenye vilima vya Langhe, jimbo la Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Watengenezaji kadhaa wana mizabibu humo. Nimechagua mvinyo wa Produttori del Barbaresco, chama cha ushirika cha wakulima wa hapo hapo, kwa sababu ya jambo moja ambalo ni nadra sana duniani. Chama hiki hutoa mvinyo wa mashamba tisa, kila shamba kwenye chupa yake: Asili, Rabajà, Pora, Montestefano, Ovello, Pajè, Montefico, Rio Sordo na Muncagota. Zabibu ni za aina moja tu, nebbiolo. Jengo ni moja, mafundi ni walewale, mapipa ni ya namna moja, muda wa kusubiri ni uleule. Kinachotofautiana ni ardhi. Mtu akitaka kujua kama shamba lina sauti yake au ni maneno ya wauzaji, jaribio analolihitaji limeshafanywa hapo, na limekuwa likifanywa tangu 1967.

Historia ya chama nayo inaeleza mengi kuhusu kazi yenyewe. Kabla ya 1894 zabibu nyingi za Barbaresco ziliuzwa kwa watengenezaji wa Barolo, jirani mwenye jina kubwa zaidi. Mwaka huo Domizio Cavazza, mkuu wa shule ya kilimo cha zabibu na utengenezaji mvinyo ya mji wa Alba, aliwakusanya wamiliki tisa wa mashamba wakaanza kutengeneza mvinyo wao kwa jina la kijiji chao. Chini ya utawala wa Kifashisti ushirika ule ulifungwa. Ulizaliwa upya mwaka 1958, padri wa kijiji, Don Fiorino Marengo, alipowaita wakulima wadogo 19 na kuwaonyesha kwamba kila mmoja peke yake hataweza kubaki shambani. Mavuno matatu ya mwanzo yalichachushwa katika vyumba vya chini vya kanisa, ndipo wakajenga jengo lao ng'ambo ya uwanja. Leo wanachama ni zaidi ya 50 na mashamba yao yanazidi hekta 100. Wazee wa ushirika wa kahawa kule Kilimanjaro watakielewa kisa hiki bila kuelezwa.

Twende shambani. Barbaresco iko mbali kaskazini mwa ikweta, kwa hiyo jua la huko halipiti utosini kama letu. Saa sita mchana, mwaka mzima, huwa upande wa kusini. Mteremko unaoelekea kusini hupata joto ambalo mteremko wa nyuma yake haulipati kamwe. Wapiemonte wana neno lake, sorì, yaani mteremko wenye jua, na wakulima wa zamani waliutambua kwa kuangalia ni wapi theluji inayeyuka kwanza. Montestefano inaelekea kusini na imeinama vizuri. Udongo wake ni mfinyanzi wenye chokaa nyingi, uliotokana na matope ya chini ya bahari ya mamilioni ya miaka iliyopita. Udongo wa namna hii hushika maji chini kabisa, kiasi cha kuufanya mzabibu usife kiu mwezi wa Agosti, lakini hauushibishi ukanenepa. Mzabibu unaoshiba hutoa majani mengi na zabibu za majimaji.

Nebbiolo huuhitaji sana mteremko kama huo. Huchipua mapema na kuiva kwa kuchelewa, mara nyingi katikati ya Oktoba, ukungu ukiwa umeshaanza kutanda mabondeni. Inasemekana jina lenyewe limetoka kwenye ukungu huo, nebbia. Macho ya chini ya tawi, yaliyo karibu na shina, hayazai vizuri, hivyo mkulima akipogoa huacha tawi refu la mwaka uliopita na kulilaza kwenye waya. Hapa mkulima wa Dodoma, anayeweza kuvuna mara mbili kwa mwaka kwa sababu mzabibu wake haupigwi na baridi kali, aone tofauti: wa Barbaresco ana nafasi moja tu. Mvua ya mawe ikipiga Septemba, mwaka wake umekwisha.

Kuchelewa kuvuna si ukaidi. Ile hali ya kubana ulimi, ukakasi, inatokana na tanini zilizomo kwenye maganda na mbegu za zabibu, na tanini za nebbiolo ni nyingi kupita kiasi. Sukari inaweza kutimia kabla tanini hazijakomaa. Zabibu zikivunwa wakati huo, ukakasi wake huwa mkavu na mchungu kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni, na miaka ya kukaa pipani haiutibu. Mkulima huonja ganda, huvunja mbegu kwa meno, hutazama kama imegeuka kahawia. Chama huwalipa wanachama kwa ubora, si kwa kilo peke yake, na bila malipo ya namna hiyo hakuna mkulima ambaye angesubiri Oktoba huku mawingu yakimtazama.

Zabibu zikifika kwenye jengo, huvuliwa vikonyo na kupasuliwa, kisha mchuzi na maganda huingia pamoja kwenye matangi ya chuma cha pua. Hamira hula sukari na kutoa pombe, joto hupanda hadi kama nyuzi 30, na gesi huyasukuma maganda juu yakaunda tabaka nene lililokaza kama ukoko wa wali. Tabaka hilo likiachwa likauke, litaoza na kuwa siki. Na zaidi ya hapo, rangi na tanini zote zimo ndani yake. Kwa hiyo mchuzi hutolewa chini na kumwagiwa juu, tena na tena, upite katikati ya maganda.

Kazi hii huchukua kama wiki nne, na muda huo mrefu una hesabu yake. Rangi hutoka kwenye maganda siku za mwanzo, maana huyeyuka katika maji. Tanini za mbegu huchelewa, husubiri pombe ipande ndipo ziachie. Mtu anayetaka mvinyo laini wa kunywewa mapema angeondoa maganda baada ya siku nane au kumi. Anayetaka mvinyo wa kukaa huyaacha, akijua kabisa kwamba kinachotoka tangini mwezi wa Novemba hakinyweki kwa raha. Kwa maoni yangu hapa ndipo mvinyo wa kukaa unapoamuliwa. Pipa haliwezi kuongeza kile ambacho maganda hayakutoa.

Baada ya hapo asidi kali ya zabibu hugeuzwa na bakteria kuwa asidi laini zaidi, kisha mvinyo huingia mapipani. Nayo si mapipa madogo. Ni makubwa, ya mwaloni wa Slavonia, yenye maelfu ya lita kila moja, na humo Riserva, yaani mvinyo wa kusubirishwa zaidi, ya shamba moja hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kutiwa kwenye chupa. Sheria ya Barbaresco yenyewe inadai miezi 26 ya kusubiri kwa mvinyo wa kawaida na miezi 50 kwa Riserva, na angalau miezi tisa kati ya hiyo iwe ndani ya mti.

Kwa nini pipa kubwa? Chukua pipa dogo la lita 225, linalotumika sana Ufaransa, ulilinganishe na la lita 5,000 lenye umbo lilelile. Ukipiga hesabu, kila lita ya mvinyo katika pipa dogo inagusana na mti karibu mara tatu ya lita iliyo katika pipa kubwa. Pipa dogo, hasa likiwa jipya, huupa mvinyo harufu ya vanila, moshi na viungo. Harufu hizo zinapendeza, lakini ni za mti, si za Montestefano. Pipa kubwa lililotumika kwa miaka mingi halina harufu ya kutoa. Kazi yake ni kupitisha hewa kidogo sana kwenye mbao, polepole, mwaka hadi mwaka. Wapo mafundi wakubwa wa Langhe waliochagua pipa dogo wakatengeneza mvinyo wa kusifika, na mabishano ya pande hizo mbili yaligawa hata familia. Lakini kwa anayetaka kulisikia shamba, sioni njia bora kuliko hii ya pipa kubwa.

Ile hewa kidogo ndiyo inayofanya kazi ambayo jicho halioni. Tanini changa ni vipande vidogo vinavyong'ang'ania protini za mate, ndiyo maana kinywa hukauka. Hewa huvisaidia vipande hivyo kushikana vyenyewe kwa vyenyewe na kushikana na rangi. Kadiri vinavyoshikana, ndivyo ukakasi unavyobadilika kutoka kubana hadi kugusa kama kitambaa cha mahameli. Vilivyozidi uzito huanguka chini vikawa mashapo. Rangi ya nebbiolo nayo ni ya aina isiyodumu; wekundu wake huharibika upesi kuliko wa zabibu nyingine nyingi, hivyo mvinyo hugeuka rangi ya tofali ungali na nguvu. Asidi iliyobaki, ambayo nebbiolo inayo kwa wingi, huulinda usichoke. Harufu ya matunda mekundu na waridi bichi hurudi nyuma; badala yake huja waridi lililokauka, ngozi, tumbaku, lami na majani yaliyolowa mvua.

Sasa turudi kwenye lile jaribio la mashamba tisa. Weka Pora, Asili na Montestefano za mwaka mmoja mezani. Pora, iliyo karibu na mto Tanaro, mara nyingi huwa laini na hufunguka mapema. Asili ina harufu nyororo na tanini za kupendeza mno. Montestefano huja na mgongo mgumu, ukakasi wa mpangilio, na inachelewa kuliko zote kujieleza. Wenyeji husema ndiyo Barbaresco inayofanana zaidi na Barolo. Hakuna fundi aliyekusudia tofauti hizo.

Na kuna uamuzi mmoja ambao nauheshimu kuliko wote. Katika mwaka dhaifu chama hakitoi mvinyo wa shamba hata mmoja. Zabibu za Montestefano, Asili na nyinginezo huingia zote kwenye Barbaresco ya kawaida, ambayo mwaka huo huwa bora kuliko jina lake. Wanaacha pesa mezani kwa hiari. Katika mwaka mzuri kila chupa ya shamba huandikwa majina ya wakulima waliotoa zabibu zake, na kwa muda mrefu mashamba yote tisa yameuzwa kwa bei moja, ingawa soko lingelipa zaidi kwa Asili au Rabajà. Watu husema huo ni utu wa ushirika, na ni kweli, lakini nauona pia kama uamuzi wa kifundi. Bei zikitofautiana, mafundi nao wataanza kulipendelea shamba la bei ya juu, watalichagulia mapipa, watalipatia uangalizi wa ziada, na siku hiyo ulinganisho wa haki umekufa.

Mwaka 2007 serikali ya Italia ilikubali mipaka rasmi ya mashamba ya Barbaresco, kwa hiyo leo jina Montestefano haliwezi kuandikwa kwenye chupa ya zabibu za mahali pengine. Sheria imefuata kile ambacho wakulima walikuwa wakikifanya kwa miaka arobaini.

Ukibahatika kupata Montestefano Riserva ya 2016, usiiharakishe. Ilaze kwa ubavu ili mvinyo ugusane na kizibo, gizani, penye baridi ya nyuzi 12 hadi 14 isiyopandapanda. Kama unaishi Mombasa au Dar es Salaam, kabati la jikoni litaiua ndani ya mwaka mmoja au miwili. Afadhali uinywe mapema kuliko kuihifadhi kwenye joto. Ukiwa na mahali pafaapo, iache hadi ifikishe miaka kumi na mitano. Siku ya kuifungua, isimamishe wima tangu jana yake ili mashapo yatue, imimine taratibu kwenye chombo kipana, na uipe saa mbili za hewa kabla ya kuileta mezani pamoja na nyama iliyopikwa kwa moto mdogo.